Roba ya Mbao Sasa Ina Mkanda

Mtu mzima ukitaka kuonekana umepitwa na wakati, usihangaike kutafuta suruali ya bugaluu. Nenda saluni ya kiume Jumamosi jioni, subiri kelele zipungue kidogo, kisha sema kwa sauti kwamba wewe ni mpenzi wa ngumi. Ngumi hizi za glavu nene na ulingo wa kamba. Vijana watakuangalia kwa huruma, na mmoja atasimama akupishe kiti.

"Mjomba, hizo zilikuwa zenu. Sasa hivi ni UFC."

Anayeongoza jeshi hilo ni mpwa wangu mwenyewe, mtoto wa dada yangu, ambaye amemaliza chuo na anasubiri ajira, kwa hiyo nafasi ya kuangalia watu wakikabana anayo. Hoja yake ni moja na hachoki kuirudia. Bondia anajua kurusha mikono, basi. Mtu wa MMA, huo mchezo unaochezwa UFC, anajua ngumi, teke, goti, kiwiko, mtama na kabali, na akishakulaza chini ndiyo kwanza kazi inaanza. Sasa mjomba, wafungie hao wawili chumbani, nani atatoka?

Mimi huwa nauliza nani kawafungia, na wamekosana nini. Hajawahi kunijibu.

Swali lenyewe wala si lake. Wamarekani waliliuliza kwa vitendo Novemba 1993 mjini Denver, katika shindano la kwanza kabisa la UFC. Walijenga kizimba cha waya chenye pembe nane, wakachanganya humo bondia, watu wa karate, mtu wa sumo, wapiga mateke na wapiga mieleka. Hakuna kupima uzito, hakuna majaji wa pointi. Kung'ata na kutoboa macho ndiko kulikokatazwa. Pambano la kwanza, mtu wa sumo kaanguka, hajainuka vizuri, akala teke la uso na jino likaruka hadi nje ya kizimba. Bondia wa siku hiyo, Art Jimmerson, aliingia amevaa glavu mkono mmoja, mwingine mtupu. Nimeshajiuliza sana ule mtupu ulikuwa wa nini. Royce Gracie, Mbrazili ambaye kwa umbo ungemdhania karani wa benki, akamwangusha, akamkalia juu, na Jimmerson akaomba poo kabla hajapigwa konde la maana. Gracie akawamaliza watatu usiku uleule. Kwa mpwa wangu, kesi ilifungwa siku hiyo.

Ambacho hakitaji ni kilichofuata. Mwaka 1996 seneta John McCain aliwaandikia magavana wa majimbo akitaka mchezo huo upigwe marufuku, akasema ni kupiganisha binadamu kama majogoo. Hapo ndipo wenyewe walipojirudi: wakaweka uzito, raundi, glavu ndogo, na orodha ndefu ya yasiyoruhusiwa. Huwezi kupiga kichwa. Huwezi kumpiga mwenzako kisogoni. Huwezi hata kuushika ule waya. Mpwa wangu anaita hayo "mapigano halisi". Mapigano halisi niliyowahi kuyaona yalikuwa stendi ya daladala, na hakuna aliyekuja na kinga ya meno.

Siku moja katika hekaheka hizi nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nimefungwa lile shuka lao shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Kinyozi wetu naye ni mwana-UFC. Mteja mmoja kwenye benchi akauliza ile kabali wanayomalizana nayo ikoje, maana kwenye televisheni haionekani vizuri. Kinyozi hakujibu kwa maneno. Mkono wake wa kulia ukapita chini ya kidevu changu, kiganja kikashika msuli wa mkono wa kushoto, na wa kushoto ukaenda kutulia kisogoni kwangu pamoja na mashine yake, ambayo ilikuwa bado inanguruma. "Unaona? Hapa hubani koo. Unabana mishipa ya pembeni, damu haipandi. Sekunde chache tu mtu kalala." Nikapigapiga mkono wa kiti. Saluni nzima ikashangilia: "Eeh! Hata mzee anajua kugonga!"

Jamani, kile kitu tunakijua. Ni roba ya mbao. Miaka yote vibaka wametupiga roba hiyohiyo vichochoroni, simu ikaenda, saa ikaenda, na hakuna mtangazaji aliyeisifia ufundi. Mgambo walikuwa wakimfukuza mtu kwa roba. Leo roba inapigwa kwenye taa, refa kapiga magoti pembeni anachungulia kama aliyekabwa bado yupo, na aliyekaba anavishwa mkanda na kuandikiwa hundi ya dola. Kuna vibaka wamezaliwa mapema mno, basi tu.

Na ugomvi wangu mkubwa ni huo wa chini. Wakiwa wamesimama, MMA inanoga, siwezi kukataa. Teke la kichwa likitoka vizuri unaruka mwenyewe. Lakini raundi yao ni dakika tano, na nne kati ya hizo wanaweza kuzimalizia sakafuni. Mtangazaji anapandwa na jazba, anasema kuna kazi kubwa sana inaendelea pale. Mimi naona mgongo. Mara unyayo. Mpwa wangu ananieleza kwamba yule wa chini ndiye anayeshinda. Nikauliza wa chini ni yupi. Akasema nisubiri. Kwenye ngumi, watu wakikumbatiana refa anawaachanisha, wanaendelea na kilichowaleta. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipommaliza Sam Eggington kulekule kwao Uingereza, mjini Birmingham, raundi ya pili tu, hakuna mtu mtaani aliyehitaji kuelezwa nani yuko juu.

Turudi kwenye chumba alichowafungia mpwa wangu. Jibu limeshatolewa mara nyingi, ila kila upande unachukua kipande chake. Juni 1976 Muhammad Ali alikwenda Tokyo kupambana na mpiga mieleka Antonio Inoki. Raundi 15. Inoki akaona huyu mtu nikisimama naye nimekwisha, basi akalala chali, akawa anampiga mateke ya miguu kutoka chini. Ali, mtu aliyemwangusha George Foreman Kinshasa mwaka 1974 mbele ya dunia nzima, akabaki anamzunguka mtu aliyelala na kumwambia inuka. Makonde aliyorusha pambano zima unayahesabu kwa vidole. Ikaamuliwa sare. Ali akaondoka na miguu imevimba, watazamaji wakadai hela zao.

Baada ya hapo ni jogoo wa shamba tu. James Toney, bingwa wa ngumi wa uzito zaidi ya mmoja, aliingia kizimbani mwaka 2010 kwa Randy Couture wa UFC; alivutwa mguu, akalazwa, akakabwa raundi ya kwanza. Conor McGregor wa UFC, ambaye mwaka 2015 alimlaza José Aldo kwa sekunde 13, akavaa glavu za ngumi Agosti 2017 kupambana na bondia Floyd Mayweather. Mayweather alikuwa amestaafu miaka miwili. Akamwacha McGregor arushe mpaka mapafu yakamsaliti, akammaliza raundi ya 10. Kila mmoja alishindwa kwenye nyumba ya mwenzake. Hayo ndiyo ninayowaambia pale saluni, kwa utulivu kabisa, mpaka mtu anataja Ngannou.

Francis Ngannou ndiye anayeniharibia. Mtoto wa Batié, Kamerun, aliyechimba mchanga tangu utotoni, akakata jangwa na bahari mpaka Paris. Na alikwenda kutafuta nini? Ngumi! Walimu wa kule ndio waliomgeuza kuwa mtu wa MMA. Akawa bingwa wa uzito wa juu wa UFC, akaondoka na heshima yake mwanzoni mwa 2023, na Oktoba mwaka huohuo akapanda ulingoni Riyadh na bondia Tyson Fury. Lilikuwa pambano lake la kwanza la ngumi za kulipwa. Raundi ya tatu Fury akakaa chini. Nilimsikia mpwa wangu akipiga kelele, na yeye anakaa nyumba ya tatu. Majaji wakampa Fury kwa pointi, wawili kwa mmoja, na mpaka leo nasimangwa. Machi 2024 Ngannou akarudi palepale Riyadh, Anthony Joshua akamlaza raundi ya pili, na alilala kweli. Hilo la pili mpwa wangu analiita bahati mbaya.

Ila ngumi nazo zinatutia aibu sisi wapenzi wake. Mikanda ya dunia ni ya vyama vinne, kila chama na mabingwa wake katika uzito zaidi ya 15, na humo wanaongeza mabingwa wa muda na wa heshima. Mei 2024 Oleksandr Usyk alimpiga Fury akaikusanya yote minne ya uzito wa juu, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya tangu mikanda iwe minne. Nikafurahi, nikasema sasa bingwa ni mmoja, nitaelezea kwa urahisi. Hata mwezi mmoja na nusu haujaisha, mkanda mmoja ukaachwa. Na yale maglavu makubwa tunayoita ya usalama, wakia 8 au 10, yanalinda vidole vya anayepiga. Kichwa cha anayepigwa kinaendelea kupokea raundi 12. Zilikuwa 15 zamani, zikapunguzwa baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufariki mwaka 1982. Robert Wangila, Mkenya aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alifariki mwaka 1994 baada ya pambano Las Vegas. Mpwa wangu akinitajia hayo simbishii. Glavu za MMA ni wakia 4 na zinapasua uso vibaya, lakini mtu akikabwa anagonga na kwenda nyumbani.

Kwa majigambo tu ndiko tusikokubali kushindwa. Ananiletea McGregor, mimi namletea bondia Karim Mandonga, aliyekwenda Nairobi Januari 2023 akiwa ameshaitangazia Afrika Mashariki konde lake jipya, Sugunyo, na akarudi na ushindi. Nitajie mtu wa UFC ambaye konde lake lina jina kabla halijarushwa. Akanyamaza. Ni mara chache.

Jumamosi hii kuna pambano lingine la UFC kule Las Vegas. Kwa saa zetu wakubwa wanapanda Jumapili asubuhi, wenye misa ya kwanza wameshavaa. Vijana wanachangishana bando, na mpwa wangu kanifuata mpaka barazani na daftari. Nimetoa, kwa sharti moja: wakisimama wakapigana, niamshe, wakilala chini, na mimi niache nilale. Sharti amelikubali, hela amechukua, na ameniambia hairudishwi.