Safari ya Mtu Mmoja Kwenda Senga Bay

Safari ya mtu mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kwenda kwenye joto la Senga Bay, ufukwe wa Ziwa Malawi ulio kilomita kama 20 kutoka mji wa Salima, hupangwa na mtaa mzima. Msafiri mwenyewe ni mjumbe tu katika kikao cha kuipanga, na hoja zake ndizo hushindwa kwanza.

Kinachoanza ni majira. Ushauri mwingi wa watalii umeandikwa na Wazungu wa kaskazini, ambao kiangazi chao ni Juni hadi Agosti. Anayeufuata akiwa wilayani Dowa hununua kaptula na miwani ya jua mwezi Julai, wakati majirani zake wamejifunika mablanketi wakiota moto wa mkaa. Joto la Malawi huanza Septemba na kufika kilele Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijashika. Kusini kabisa, Chikwawa na Nsanje, hupita nyuzi 40, lakini huko hakuna anayekwenda kustarehe. Kando ya ziwa ni afadhali kidogo. Kidogo tu, kwa sababu Lilongwe ipo kwenye mwinuko wa mita 1,050 hivi na ziwa lipo chini ya mita 500, na tofauti hiyo mtu wa nyanda za juu huilipa kwa jasho.

Kisha ruhusa. Malawi ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka pingamizi kwenye vifungu kadhaa, kikiwamo kile cha uhuru wa kutembea, na sera yake ni mkimbizi kuishi kambini. Mwaka 2023 Serikali iliwaamuru waliokuwa wamehamia mijini warudi Dzaleka, mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994. Kambi ilikusudiwa watu elfu kumi hadi kumi na mbili. Sasa ina zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kutoka hapo kunataka karatasi, na karatasi inataka sababu. Matibabu yanaeleweka. Masomo yanaeleweka, msiba unaeleweka zaidi. Lakini mtu anayeandika kwamba anakwenda kukaa kivulini na kutazama maji huulizwa swali lile lile mara tatu, kila mara kwa sauti ya upole zaidi, kama mgonjwa anayepimwa akili. Ajabu ni kwamba utalii wa kuja upande huu upo: tangu 2014 Tamasha la Tumaini huleta wageni Dzaleka kusikiliza muziki, na wengine hulala katika nyumba za wakazi.

Karatasi ikipatikana, habari husambaa kabla wino haujakauka, na hapo ndipo penye kazi kubwa. Kusafiri peke yako, kwa desturi za watu wa Kivu na Bujumbura, ni dalili ya ugomvi. “Unaenda peke yako? Umekosana na nani?” huuliza mama wa nyumba ya pili. Jibu la kwamba hakuna ugomvi huongeza mashaka. Papa wa nyumba ya mkabala hutoa ushauri wa mamba na kiboko, ingawa hajawahi kufika ziwani. Kijana wa kinyozi hujitolea kusindikiza, kwa nauli ya msafiri. Mwisho hupatikana suluhu: aende peke yake, lakini asirudi mikono mitupu. Hapo huanza kumiminika pesa za kuagiza samaki, nyingine mkononi, nyingine kwa simu, Airtel Money au Mpamba, pamoja na maelezo yanayopingana. Ndagala wakavu wasiwe na mchanga. Ndagala wakavu wawe wa bei ya chini. Mzee mmoja, ambaye kila mtaa unaye, huagiza samaki aitwaye chambo, tena mbichi.

Kufunga mzigo ni somo la fizikia. Mafuta ya mgando huondoka Dzaleka yakiwa yameganda na kufika Salima yakiwa ya maji, ndani ya shati jeupe. Chupa ya maji iliyogandishwa usiku kwa jirani mwenye friji ni wazo zuri hadi saa nne asubuhi, inapoanza kulia machozi juu ya ile karatasi ya ruhusa. Karatasi iliyolowa haisomeki, na karatasi isiyosomeka ni sawa na kutokuwa nayo. Kwa hiyo inafaa ikae kwenye mfuko wa nailoni, mfukoni mwa shati, mbali na kila kilicho baridi.

Kutoka kambini hadi Lilongwe ni kilomita 45 hivi, kupitia Lumbadzi karibu na uwanja wa ndege. Lilongwe, makao makuu ya nchi tangu 1975, umegawanywa katika maeneo yenye namba, na namba hizo hazifuatani ardhini. Anayetembea akitumaini kwamba namba zitamwongoza atatembea sana. Aulize stendi ya mabasi, basi. Hapo minibasi ya Salima itakuwa “inaondoka sasa hivi”, yaani itakapojaa. Msafiri wa peke yake huingizwa kwanza na kukalishwa dirishani upande wa jua, na huko hukaa akiiva taratibu huku abiria wawili waliokaa mbele wakigundulika, gari linapojaa, kuwa ni wapigadebe. Dereva naye huweza kukumbuka petroli wakati huo, na katika miaka ya uhaba wa mafuta foleni ya kituoni imekuwa safari nyingine ndani ya safari.

Barabara ya Salima, kilomita kama 100, hushuka mteremko na hewa hubadilika waziwazi. Kutoka Salima mjini huchukuliwa gari dogo, matola (pikapu ya kubeba abiria), au kabaza (baiskeli ya kubeba abiria), ambayo kwa jua la saa saba humfanya abiria amwonee huruma mwendeshaji na mwendeshaji amwonee huruma abiria.

Ufukweni kuna makosa mawili ya kawaida. La kwanza ni kuvua ndala chini ya mti na kuzifuata baadaye kwa miguu mitupu. Mchanga wa Oktoba humfanya mtu mzima mwenye heshima zake akimbie akipiga kelele mbele ya wavuvi. La pili ni kuingia majini palipo na magugu na maji yaliyotuama, penye konokono wa kichocho. Picha nayo ni tatizo la asiye na mwenzake. Mtoto anayepewa simu hupiga kwa moyo mmoja, na mtaa utaletewa kidole gumba, sehemu ya kisiwa cha Namalenje na sikio la msafiri.

Saa za kustarehe zenyewe ni chache: asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi. Katikati hapo mtu hulala kivulini au hujadiliana bei ya usipa, ambao ndio ndagala wa ziwa hili. Wakiwa wamekauka vizuri hufika Dzaleka salama, ingawa abiria wa minibasi watafungua madirisha yote na kumtazama mwenye mfuko. Chambo mbichi hafiki bila barafu. Basi mzee anayemwagiza atangulize na pesa ya barafu.