Kosa Namba 809

Jumatatu
Ofisi inapakwa rangi, tumeambiwa tufanyie kazi nyumbani. Mishahara sharti ifike benki Ijumaa. Nimebonyeza VPN, njia yetu ya kuingia mfumo wa ofisi. Imefikiri weee, kisha ikanipa kosa namba 809. Kijana wa IT akasema, "Dada, zima ruta, washa tena." Nimezima, nimewasha. Wapangaji wenzangu wamekuja kuuliza nani kakata mpira.

Jumanne
809 maana yake seva haijajibu, mara nyingi kwa sababu ya fayawoli iliyo njiani. Nenosiri likikosewa, namba huwa 691. Kijana amenibadilishia nenosiri. 809.

Kampuni iliitolea VPN hii taarifa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kabla ya tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa za VPN, 30 Oktoba 2023. Kwa hiyo kiserikali ipo.

Jumatano
Tumeipigia seva ping, ikajibu. "Si umeona? Iko hewani," kijana akasema, akakata simu. Ping husafiri kwa ICMP, haigusi poti yoyote. VPN yetu inataka UDP 500 na 4500. Kumsikia Mangi akikohoa ndani si ushahidi kwamba duka liko wazi. Nimemwandikia hivyohivyo. Amenijibu kwa kidole gumba.

Alhamisi
Nimewasha hotispoti ya simu. VPN imeshika palepale. Seva nayo, kwa kuwa haikuniona wiki nzima, ikanishushia masasisho yote ya kinga ya virusi. Bando limekata kabla faili la mishahara halijafunguka.

Basi kizuizi ni ruta ya nyumba. Fayawoli yake imewekwa ngazi ya juu kabisa: kurasa za wavuti zinapita, vingine vinarudishwa. Aliyeiweka ni mama mwenye nyumba, ili wajukuu wasicheze gemu usiku. Nenosiri la ruta analo yeye, naye yuko msibani Moshi, simu haipatikani. Wajukuu nimewasikia hadi saa saba. Wanacheza.

Ijumaa
Kijana amekubali kufungua SSTP, aina nyingine ya VPN, inayopita TCP 443, njia ileile ya tovuti za benki, ambayo fayawoli nyingi huiachia. Ni kazi ndogo, ila inataka idhini ya meneja. Fomu ya idhini iko kwenye mfumo wa ndani. Mfumo wa ndani haufunguki bila VPN.

Wafanyakazi wenzangu, mishahara ni wiki ijayo. Mwenye deni kwa Mangi aanze kuongea naye mapema.