Feni ya Kujitegemea

Kaloleni ukifungua boneti, gari si lako tena, ni la mtaa. Kinyozi atamwacha mteja na povu kidevuni. Muuza chipsi atakuja na kijiko chake cha kugeuzia. Vijana wa bodaboda watashuka bila kuitwa, na mzee mmoja wa jirani, mwalimu mstaafu wa hesabu, atasogeza kiti kabisa, maana yeye hasimami kwa mambo madogo. Kila mmoja ameshauona ugonjwa huo kwenye gari jingine, na anaikumbuka dawa iliyoliponya. Ukiwasikiliza wote utabadilisha injini. Usipowasikiliza, likizima tena utaambiwa, "Si tulikwambia?"

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya mjomba wangu, Series III ya petroli, toleo lililotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Hapa Arusha huwezi kuisema vibaya Land Rover ukabaki na marafiki. Imebeba watalii, mapadri, maharage, maharusi na majeneza, wakati mwingine yote ndani ya wiki moja. Oktoba 2024 likafanyika tamasha la Land Rover mjini hapa, msafara ukapangwa wa kuipiku rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, na mjomba akaapa kwamba historia haitapita yeye akiwa nyumbani. Aliliosha gari, akaling'arisha, akalipaka mafuta hadi matairi.

Kumbe msafara wa namna ile unakwenda mwendo wa harusi. Feni ya 109 imefungwa kwenye pampu ya maji na inazungushwa na mkanda wa injini. Injini ikienda taratibu, na yenyewe taratibu. Upepo wa mwendo hakuna, wa feni ni wa kuombea. Halafu Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100 za kitabuni. Kifuniko kizima cha rejeta huyakandamiza maji yasichemke mpaka yapite nyuzi 105. Cha mjomba kilikuwa na mpira uliokauka zamani. Basi historia ikapita kweli, yeye akiwa kando ya barabara, boneti juu, mvuke unamtoka nyuma ya mabega, anawapungia wenzake mkono kana kwamba kamati ndiyo iliyompanga pale kuwapokea.

Jioni ile akatangaza, "Mjomba, feni ya mkanda naing'oa. Nafunga ya umeme."

Sasa, nyumbani kwetu si mbali na makumbusho ya Azimio la Arusha, jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 kuipitisha siasa ya Ujamaa na Kujitegemea, ikatangazwa tarehe 5 Februari. Mjomba ni mtoto wa siasa hiyo, na hoja zake zote, hata za bei ya nyanya, hupitia pale. "Feni ya mkanda ni kupe," akasema mbele ya mtaa mzima. "Inainyonya injini saa zote, hata asubuhi ya Julai na baridi ya Meru. Ya umeme inajitegemea. Penye kazi inafanya, pasipo na kazi inapumzika."

Mwalimu akauliza kwa upole, "Huo umeme utautoa wapi?"

"Kwenye betri, Mwalimu."

"Na betri inajazwa na nini?"

"Altaneta."

"Na altaneta inazungushwa na nini?"

Mjomba akautazama mkanda. Mtaa mzima ukautazama mkanda. Halafu akajibu kwamba wako watu humu nchini wanaotumiwa na mabeberu.

Tukashuka Unga Limited, tukapata feni ya mtumba iliyotoka kwenye Noah, na kontrola yake mpya: kiboksi cheusi chenye kitufe cha kuzungusha na mkia mrefu mwembamba wa shaba, na mwisho wa mkia ncha ya kupimia joto. Kitufe hakikuwa na namba. Kilikuwa na mshale tu, mwembamba upande huu, mnene upande ule. Fundi wa umeme, chalii mmoja mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa jibu, akasema mnene ndio sawa, watu wa Arusha wanapenda vitu vya kushiba.

Alitaka kuibana feni kwenye rejeta kwa vile vikamba vya plastiki, vipenye katikati ya vibati vyembamba hadi upande wa pili. Hapo niligoma. Mtikisiko wa 109 kwenye barabara ya vumbi ungevigeuza msumeno, na rejeta ingetoboka kabla hatujafika Ngaramtoni. Ikabidi mchomeleaji atengeneze braketi za chuma, na chini yake zikawekwa pande za tyubu kuukuu ya tairi. Kazi safi. Ilinigharimu soda za watu wote waliokuwa wametoa ushauri kinyume.

Feni ikawashwa, ikanguruma, mtaa ukapiga makofi. Mwalimu peke yake hakupiga. Aliomba karatasi. Feni iliyokaa nyuma ya rejeta kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele, kwa hiyo karatasi ikiwekwa kwenye grili inapaswa kunasa. Akapewa ukurasa wa gazeti la michezo, akausogeza taratibu. Ukurasa ukamponyoka, ukapaa juu ya benchi, ukatua kwenye karai la mama wa maandazi, na mshambuliaji aliyekuwa akishangilia bao akaanza kukaangwa akiwa bado amenyoosha mikono.

"Nani analipa mafuta yangu?" mama akauliza.

"Lakini mama, si umeona inafanya kazi?" fundi akajibu.

Waya zilikuwa zimegeuzwa, na mota za aina ile ukibadilisha chanya na hasi zinazunguka kinyumenyume. Fundi hakuona tatizo. Joto litoke mbele, litoke nyuma, mradi limetoka. Mwalimu akamweleza kwamba gari likikimbia, upepo wa barabarani utaingia na wa feni utatoka, wakutane katikati ya rejeta waulizane habari za nyumbani. Waya zikabadilishwa. Mafuta ya maandazi nikalipa mimi.

Ikaja kontrola. Ncha ya kupimia joto fundi aliichomeka karibu na mpira wa chini wa rejeta, kwa sababu mkono ulifika kirahisi. Sasa, maji ya moto kutoka kwenye injini huingia juu. Chini yanatokea yakiwa yameshapoa. Kwa hiyo mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, huku kiboksi kimetulia, chenyewe kinaona kila kitu ni salama. Fundi akakitazama, akakigonga kwa kitako cha bisibisi, kisha akatoa hukumu ninayoamini ingefaa kuandikwa kwenye ukuta wa kila gereji nchini:

"Tupige daireki."

Hakuna kifaa Tanzania ambacho hakijapigwa daireki. Starta, pampu, friji ya bucha, kengele ya shule. Kikisumbua kile kinachoamua lini kazi ifanyike, kinaondolewa, kazi inafanyika muda wote. Thamostati ndivyo zilivyoangamia: fundi anaitoa, anaigeuzageuza, anasema hii ni ya nchi za baridi, anaitupa. Uongo mtupu, na mimi kwa hili sina subira. Injini inataka joto lake, nyuzi 80 na kitu. Ikinyimwa inakunywa petroli kupita kiasi na kuchakaa mapema, na kama ni baridi, mtu akae Kaloleni mwezi wa Julai ndipo atuambie nchi ya baridi ni ipi.

Feni ikapigwa daireki, ikawa inazunguka tangu asubuhi hadi jioni bila likizo. Mwalimu akachukua chaki, akapiga hesabu kwenye ubao wa bei za chipsi. Altaneta ya asili ya gari hili inatoa ampea 34, tena injini ikiwa inakimbia. Feni ya Noah inaomba kama 20. Taa kubwa kama 10. Bado waipa, bado mfumo wa kuwashia injini wenyewe. Kwenye foleni, injini ikiwa chini, altaneta haifiki hata nusu ya hizo 34, na foleni ndipo feni inapohitajika kuliko wakati wowote. Tulithibitisha hesabu hiyo usiku mmoja karibu na soko la Kilombero. Taa zilikuwa zimefifia hadi rangi ya chai ya rangi, na mjomba alipowasha indiketa, taa zote za gari zikaanza kukonyeza pamoja nayo. Trafiki alitusimamisha, akatutazama, akaturuhusu kwenda. Nadhani alituhurumia.

Harufu ndiyo ilimaliza ubishi. Fundi alikuwa ametumia waya wa spika, na mahali pa fyuzi kuna karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Ule ubishi wote wa joto, kumbe hatukuliondoa. Tulilihamisha tu kutoka kwenye maji kwenda kwenye waya. Kazi ikaanza upya chini ya usimamizi wa Mwalimu, ambaye umeme hajawahi kuufundisha lakini kusoma maelekezo anajua. Waya mnene. Fyuzi halisi ya ampea 30. Ncha ikahamia juu, maji ya moto yanakoingilia. Altaneta kubwa zaidi. Na rilei, kile kidude chenye miguu iliyoandikwa 30, 85, 86 na 87, kinachopokea amri kwa umeme mdogo na kupitisha mkubwa, ili swichi isiungue. Rejeta ikapata kifuniko kipya, ambacho bei yake, ukweli usemwe, ilikuwa ndogo kuliko kitu kingine chochote tulichonunua.

Kitu kimoja tu hakuna aliyetuambia: kontrola iliungwa moja kwa moja kwenye betri, haingoji ufunguo. Injini ikizimwa, maji huacha kuzunguka, na joto la chuma huendelea kuingia ndani yake. Tulikuwa tumekaa kula ugali, mjomba ametoka kuparki, ufunguo uko mezani karibu na mboga. Gizani nje tukasikia *ka!* Kisha mngurumo. Watoto walipita mlango mmoja wote kwa pamoja. Bibi akaweka tonge chini, akauliza swali ambalo inaonekana alikuwa amelihifadhi miaka mingi:

"Hilo gari ulilinunua kwa nani?"

Mjomba alieleza habari ya joto na chuma vizuri kabisa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kunyunyizia chumvi kwenye matairi.

Masika yalipofika, mjomba akataka kutuonyesha faida ya mwisho. Feni ya zamani ukiingia nayo korongoni hurusha maji yakailowesha distributa, gari likazimika katikati; ya umeme unaizima, unavuka, unaiwasha. Alishaweka swichi nyekundu kwenye dashibodi kwa kazi hiyo. Tukaelekea shambani, upande wa Monduli, kwenye korongo lililomlaza njiani misimu yote. Tukakuta limejengewa kalavati. Zege jipya, kingo zimepakwa chokaa, na mbuzi wamelala juu yake.

Mjomba alisimamisha gari, akawatazama mbuzi kwa muda. Akazima feni. Akaweka gia ya kwanza, akavuka polepole, tairi kavu.

"Mjomba, maji yako wapi?" nikamuuliza.

"Nyamaza. Hii swichi nimeilipia."