Tunadai Sehemu Nne

Kuna watu huko Marekani tunawadai sehemu nne za filamu, na nataka deni hilo lijulikane kabla hatujaanza kufa mmoja mmoja.

Filamu yenyewe ni ule mfululizo uitwao The Expanse, wa watu wanaozunguka angani kati ya Dunia, Mirihi na yale mawe yanayoelea kupita Mirihi. Msimu wa kwanza ulianza Desemba 2015 na ulikuwa na sehemu 10. Wa pili 13. Wa tatu 13. Wa nne 10, wa tano 10. Tukazoea hivyo. Ukafika wa sita, wa mwisho, ule ambao kila fundo lilitakiwa kufunguliwa na kila mwovu apate chake: sehemu sita. Ulianza tarehe 10 Desemba 2021, ukamalizika tarehe 14 Januari 2022. Yule mama anayeuza unga katika soko la Kenya ana meka, lile kopo la kupimia, iliyogongwa kitako mpaka kimepanda juu, lakini hata yeye hupunguza kwa adabu, na ukimkazia macho anakuongezea kiganja. Hawa wa filamu utamkazia macho nani?

Na kabla mtu wa Nairobi hajanijibu, Kenya ninayoisema ni komini ya Lubumbashi. Ninyi mna bahari na wakimbiaji, sisi tuna soko na vumbi. Tuachieni hilo jina, hatuna kingine cha kugombania.

Aliyetuletea balaa hili ni mpwa wangu. Alikuja nalo ndani ya flashi, likiwa limetiwa sauti za Kifaransa, kwa sababu kununua mega na kutazama moja kwa moja ni mambo ya watu wenye mishahara. Televisheni ni yangu, ila watazamaji ni wa parseli nzima. Mwenye kiti hukalia kiti, mwenye bidoni hukalia bidoni, na mtoto wa jirani hukalia mguu wangu. Tunatazama mpaka delestaji, ule mgao wa umeme, itakapoamua. Chombo cha wale jamaa, Rocinante, kimepigwa risasi, kimetobolewa, kimekimbizwa na makombora kwa misimu sita, na ndani taa zinawaka. Sisi hatujarushiwa hata jiwe, na tuko gizani.

Umeme ukikatika tunahamia kwenye simu ya mpwa wangu, watu kumi na kidole kimoja cha kushikilia. Nayo betri hufa pale pale mtu anapotaka kusema siri. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka nchi hii, nyingi yake Kolwezi na huku kwetu. Inasafiri mpaka China, inaingizwa kwenye betri, inazunguka bahari zote, halafu inarudi Lubumbashi ikiwa imechoka.

Mtu aliyenishangaza ni Baba Mkubwa, ambaye vijana wa hapa wanamwita Kambo. Amefanya kazi migodini maisha yake yote, na filamu za anga alikuwa hazipendi. Anasema nyingi ni za watu wasio na kazi: wamevaa sare safi, wanatembea kwenye korido, wanajadiliana na wageni wenye masikio marefu, na hakuna hata mmoja anayebeba kitu. Hii ilimkamata usiku wa kwanza. Ndani yake kuna watu wanaochimba mawe ya angani na kukokota barafu, wakati faida inakwenda Duniani na Mirihi kwa watu ambao hawajawahi kushika sururu. Pale Ceres, jiwe kubwa kuliko yote, kulikuwa na barafu ya kutosha vizazi na vizazi. Ikabebwa. Sasa wenyeji wanapimiwa maji, na hewa pia wanapimiwa. Baba Mkubwa akaweka chini kikombe chake cha munkoyo.

"Aba batu njo siye," akasema.

Hakuna aliyebisha. Katika nchi ambayo njia ya umeme imetoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, kilomita karibu 1,700, ikaanza kazi mwaka 1982, na ikapita juu ya vijiji bila kuwaachia hata balbu, nani angehitaji kufafanuliwa habari za Ceres?

Tena wale wachimbaji wana lugha yao, mchanganyiko wa lugha zote za waliokwenda huko kutafuta kazi. Mpwa wangu akatueleza kwamba watengenezaji walimwajiri mtaalamu wa lugha, Nick Farmer, aitunge. Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Kampuni ya migodi ya Union Minière ilikusanya watu kutoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, ikawatia katika kambi moja, na Kiswahili cha huku kikajipika chenyewe. Mtaalamu hakulipwa hata faranga. Alikuja baadaye kutusahihisha.

Akina mama wao walikuwa na mtu wao, Avasarala, yule kiongozi wa Dunia mwenye sari na sauti nzito, anayewatukana mawaziri kama watoto waliomwaga sombe. Akitokea yeye, hata wanaopembua mchele wanasimama. "Huyo ni mama wa kweli," wanasema, "hana haja ya bunduki." Malalamiko yao ni kwamba kwa misimu sita hawakuona mtu akisonga bukari. Malalamiko ya Baba Mkubwa ni mazito zaidi: hajaona siku ya mshahara. Vita ameona, mapinduzi ameona, milango ya kwenda kwenye jua nyingine ameiona, lakini mtu kupanga foleni na kupewa bahasha, hata mara moja. Anasema hapo ndipo alipojua kwamba waandishi wake wanaijua migodi vizuri.

Sasa tuje kwenye makosa ya msimu wa mwisho. La kwanza ni yule binti wa sayari ya Laconia. Kila sehemu inaanza na yeye. Mdogo wake anafariki, anampeleka kwa wanyama wa ajabu wa porini, wanamrudisha akiwa hai, na macho yake si yale. Akina mama wote wakashika vifua. Halafu? Halafu hakuna. Msimu ukaisha, mtoto amefufuka, wazazi wana hofu, na sisi tukaambiwa usiku mwema. Jirani yangu mmoja mpaka leo ananiuliza habari za yule mtoto kana kwamba mimi ndiye niliyemficha.

La pili ni yule Marco Inaros, mkubwa wa waasi. Mtu ameidondoshea Dunia mawe, ameua mamilioni, tumemsubiri tangu msimu wa nne. Mwisho wake anamezwa na kitu kisichoeleweka ndani ya lango, yeye na meli yake. Hakuna kesi, hakuna majuto, hakuna maiti. Huku kwetu mtu asipokuwa na maiti hatuamini. Tumeshawaona wengi waliotangazwa wamekwisha, wakarudi na vyeo.

Lakini la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Mwisho kabisa wanaunda chama cha kusimamia usafiri wote wa kupita kwenye malango, yaani utajiri wa kesho. Uenyekiti wanampa Holden, mtu wa Dunia, kisha yeye anajiuzulu pale pale na kumwachia Camina Drummer, mwanamke wa kule kwenye mawe. Kwa mara ya kwanza mchimbaji ameshika kiti. Watu wakapiga vigelegele, mtoto wa jirani akaruka juu ya mguu wangu. Yakaanza kupanda majina ya waigizaji.

"Njo byote?" akauliza Baba Mkubwa.

Ndiyo, byote.

"Lakini sasa ndiyo inaanza!"

Na ana haki. Kumpa mtu kiti ni sehemu rahisi. Sisi tulipewa kiti tarehe 30 Juni 1960, na tarehe 11 Julai mkoa wetu wa Katanga ulikuwa umeshajitangaza nchi nyingine. Siku kumi na moja! Kama filamu yetu ingeishia kwenye sherehe za uhuru, watu wa Hollywood wangefuta machozi na kwenda kulala. Nilitaka kumwona Drummer Jumatatu asubuhi. Nani anamletea bahasha chini ya meza? Binamu zake wangapi wamekuja kuomba kazi? Hewa ya Ceres imeshuka bei au imepanda?

Mpwa wangu alijaribu kututuliza. Akasema tushukuru hata hiyo misimu sita, kwa sababu mwaka 2018 runinga ya Syfy iliukata mfululizo huu baada ya msimu wa tatu. Wapenzi wake wakachanga pesa, wakakodi ndege ndogo ikavuta bango juu ya studio za Amazon, na kabla mwezi haujaisha Jeff Bezos mwenyewe akatangaza kwamba ameuokoa.

"Kumbe ukitaka kitu kiendelee unarusha ndege," akasema Baba Mkubwa. "Sisi tulirusha roketi, na bado wakatukata."

Vijana wakadhani mzee amelewa munkoyo. Nikalazimika kuwathibitishia. Wakati mkoa huu ukiitwa Shaba, Rais Mobutu aliwapa Wajerumani wa kampuni ya OTRAG eneo la kilomita za mraba 100,000 huko kaskazini, waje kujaribu roketi za bei nafuu. Mwenye kampuni aliitwa Lutz Kayser, na pamoja naye alikuwapo Kurt Debus, aliyekuwa mkuu wa kituo cha Kennedy ambako Wamarekani waliondokea kwenda mwezini. Roketi zao zilikuwa mabomba yaliyofungwa pamoja, na vali zake zilifunguliwa kwa mota za waipa za gari. Mafundi wa mtaani kwetu waliposikia habari ya waipa waliinua vichwa kwa heshima. Kumbe mambo ya anga ni mambo yao.

Mfululizo huo ulikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza, tarehe 17 Mei 1977, roketi ilipanda vizuri. Ya pili, Mei 1978, ikapanda tena. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe alikuja kutazama, na ndiyo iliyokwenda kombo ikaanguka. Warusi walikuwa wanalalamika, majirani wananung'unika, na mwaka 1979 Mobutu akawaambia wafungashe. Hakuna aliyekodi ndege ya kuvuta bango. Na huko kaskazini waliobaki hawakuambiwa kisa kinaishia wapi, kama yule binti wa Laconia.

Baada ya hapo umeme ulikatika, bila shaka, na kwa kuwa hapakuwa na msimu wa saba Baba Mkubwa akaamua kutusimulia wa kwake. Sehemu ya kwanza ni mwaka 1967, alisema. Serikali imeichukua Union Minière, ikazaliwa Gécamines, Drummer yuko kitini na watu wanacheza. Sehemu ya pili, miaka ya sabini, bei ya shaba duniani inaanguka na Drummer anaanza kukopa. Sehemu ya tatu, 1986, zaidi ya tani 470,000 za shaba zinatoka, lakini mashine hazijabadilishwa, na kila mtu anajua na kila mtu ananyamaza. Sehemu ya nne, Septemba 1990, mgodi wa Kamoto unaporomoka. Kufikia 1994 tani hazifiki hata 50,000. Sehemu ya tano, 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wanaondoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, wamebeba bahasha moja.

"Na ya mwisho, Kambo?"

"Ya mwisho iko pale," akasema, akionyesha gizani upande wa lile bomba refu la moshi na kilima cheusi cha mabaki ya shaba. "Wamerudi wanachota kobalti kwenye takataka tulizozitupa."

Watu walikubaliana kwamba msimu huo umeandikwa vizuri kuliko ule wa Amazon. Una mwovu asiyemezwa na lango, na una siku ya mshahara, ingawa ni moja.

Mpwa wangu, ambaye hajui kunyamaza, akaongeza kwamba mwisho wenyewe upo. Mfululizo umetokana na vitabu tisa vya James S. A. Corey, jina ambalo nyuma yake wamejificha waandishi wawili. Filamu imeishia kwenye cha sita. Cha tisa kilitoka tarehe 30 Novemba 2021, siku kumi kabla ya msimu wa mwisho kuanza. Kwa hiyo walijua! Walikuwa na meka iliyojaa mezani, wakatupimia kwa ile yenye kitako kilichogongwa. Na usiniambie nisome. Kitabu hakisomwi na parseli nzima kwa mara moja, na wale mabwana ni wanene, kila kimoja kinaweza kuzuia mlango.

Basi masharti yetu ni haya. Tunakubali kulipwa kwa awamu. Sehemu ya kwanza ituonyeshe Drummer ofisini, na foleni ya binamu mlangoni. Ya pili ieleze habari za yule mtoto, jirani yangu apate kuniacha. Ya tatu iwe na siku ya mshahara, na pesa zihesabiwe mbele ya kamera. Ya nne mtu asonge bukari. Wakisema hawana wa kuiandika, Baba Mkubwa yuko nyumbani kila jioni. Munkoyo tutatoa sisi. Petroli ya jenereta ni juu yao.