Sifa za Toleo Linalovunja

Wengine husifu mchele wa Kilombero. Mimi leo nalisifu toleo jipya la programu, lile linaloingia usiku, asubuhi ukakuta kila ulichoandika kimelala chini. Mto Lumemo nao hubomoa, lakini huvimba kwanza, mtu akapata nafasi ya kuhamisha kuku. Toleo hupiga hodi kwenye waraka wa mabadiliko, ambao hakuna anayeusoma.

Tarehe 24 Aprili 2020 lilitoka toleo la 4.0.0 la R, programu ya takwimu ambayo wahesabu mbu wanaijua vizuri. Kabla ya hapo R ilikuwa na adabu iliyopitiliza. Ikisoma jedwali na kukuta neno moja tu ndani ya safu ya namba, haikulalamika. Iliigeuza safu nzima kuwa makundi, kila kundi likapewa namba ya foleni kwa mpangilio wa herufi.

Tuseme mitego minne ya taa imetegwa kando ya Lumemo. Mmoja una mbu 0, wa pili 12, wa tatu 3. Wa nne karani ameandika “taa ilizimika”, maana ni mtu mkweli. Iambie R ya zamani ikurudishie namba: 0 inakuwa 1; 12 inakuwa 2, kwa sababu kwa herufi 12 hutangulia 3; 3 inabaki 3 kwa bahati njema; na mtego uliozimika unavuna mbu 4. Kengele hailii. Hayo katika mji wetu, wenye maabara ya utafiti tangu miaka ya 1950!

Mgeni njoo, mwenyeji apone. R mpya huyaacha maneno yabaki maneno. Ukidai namba hukupa 0, 12, 3 na pengo, pamoja na onyo. Lakini safu ya majina ya vijiji nayo ilikoma kuwa makundi, na programu zetu zilizozoea kupita kundi kwa kundi zikazunguka mara sifuri. Ripoti ikatoka nyeupe kama kanzu ya Idi. Ni uzuri ulioje: kwa mara ya kwanza tuliisoma ripoti yetu wenyewe, tukitafuta ilikokwenda.

Dawa ilikuwepo, kijimstari kimoja cha programu kinachorudisha desturi ya zamani. Nikakiweka. Ripoti imejaa tena, bosi ameridhika, na ule mtego uliozimika umerudi kileleni na mbu wake wanne.