Kopo la Juu ya Tangi

Bafu la nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, lina misumari mingi ukutani, na kila msumari una mwenyewe. Mama mkwe ametundika mfuko wa liwa na jiwe la kusugulia visigino. Wifi ana kikapu kizima. Mimi nina dodoki langu na chupa ya mafuta ya nazi. Wanaume wetu wawili, mume wangu na mdogo wake, hawakuwa na kitu ila wembe mmoja uliochomekwa kwenye nondo ya dirisha, wakiutumia kwa zamu, na kipande cha sabuni ya mche ileile tunayofulia. Hakuna aliyewanyima. Lakini mwanamume akionekana na losheni mkononi, lazima atatokea wa kumuuliza siku hizi anakwenda kwa nani, na swali hilo, hata likiulizwa kwa kicheko, linatosha kumfanya aifiche. Mimi naamini balaa lote lililotupata lilianzia hapo.

Shemeji ni dereva wa bodaboda. Ndevu zake ni za kujikunja sana, na ndevu za namna hiyo zikikatwa chini kabisa na wembe huacha ncha kali. Unywele unapoanza kurefuka unajipinda na kuichoma ngozi upya. Mwili unaupokea kama mwiba. Ngozi inavimba, inatunga usaha, na kipele kikipona kinaacha doa jeusi. Mkanda wa helmeti nao ulikuwa ukimsugua palepale tangu alfajiri hadi usiku.

Posa yake ilipokubaliwa Pangani, akaanza kunyoa kila siku ili wakwe wasimwone mchafu. Vipele vikazidi. Akavisugua kwa dodoki na sabuni ya mche mpaka vikatoka damu, halafu akamwagia spiriti. Nilikuwa nikimsikia kupitia mlango wa bafu anavyovuta pumzi kwa meno. Siku zilezile, nyumbani kwa bibi harusi, somo alikuwa ameshaanza kupanga habari za singo, mafusho na nani atakuja kumkanda mwari. Kwa bwana harusi hapakuwa na wa kumuuliza hata anatumia sabuni gani.

Mama mkwe ndiye aliyejaribu kumsaidia, kwa kile alichokijua. Alimkatia limau. Shemeji akajipaka maji yake taya nzima asubuhi, akavaa helmeti, akashika barabara ya Pangani jua likiwa limeshapanda. Kesho yake ngozi ikawa inawaka, na baada ya hapo ikatokeza michirizi myeusi iliyofuata njia ileile maji yalipotiririkia, kutoka kidevuni hadi kwenye ukosi. Limau na ndimu zina kitu ambacho kikikaa juu ya ngozi kisha kikapigwa na jua huiunguza hasa. Mama alilia. Tangu siku hiyo shemeji hakumwomba mtu ushauri tena.

Kisha, ghafla, akapona. Ndani ya wiki moja vipele vilinywea, michirizi ikafifia, uso ukawa laini na mweupe kidogo kuliko shingo. Wifi akamsifu. Kutoka Pangani zikaja salamu kwamba mchumba amependeza. Na sisi tulivyo, tukishukuru jambo hatulichimbi, hatukuuliza.

Ulikuwa mkorogo. Mtu kijiweni alimuuzia kwenye kopo lisilo na karatasi yoyote, akamwambia ni krimu ya ndevu, naye akalificha juu ya tangi la maji uani, nyuma ya tofali. Kila usiku alikuwa akipanda kwenye ndoo iliyofudikizwa na kulichukua. Kumbe mume wangu, ambaye kisogo chake kimejaa vipele kwa sababu ya kunyolewa mashine ya chini mno, alimwona usiku mmoja. Naye akaanza kupanda ndoo, lakini saa tofauti. Shemeji aliona krimu yake inapungua, akamshuku wifi. Wakanuniana kwa wiki mbili tatu, mpaka kupikiana chai ikawa shida, na mume wangu yuko kimya, anakula chakula katikati yao.

Aliyelishusha kopo ni mama mkwe. Maji yalikuwa yamekatika, akamtuma kijana wa jirani apande atazame tangi, na kijana akashuka nalo. Mama akalifungua, akanusa harufu nzuri, akadhani ni mafuta mgando ya mtu. Kitinda mimba wangu alikuwa amechubuka kwa nepi. Nilipotoka jikoni nilimkuta mtoto amelazwa mkekani, miguu juu, kidole cha mama kimeshazama ndani ya kopo.

Shemeji aliingia uani wakati huohuo, helmeti ingali kichwani. Alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Mama, usimpake mtoto! Huo mkorogo!" Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Angeweza kunyamaza, akatafuta njia ya kulichukua kimyakimya baadaye, na siri yake ikabaki siri. Kila nikikumbuka kelele ile namheshimu shemeji yangu zaidi.

Nikalifunga kopo kwenye mfuko, tukaenda nalo hospitali. Daktari wa ngozi, mama mtu mzima, aliligeuza mkononi, akasema hawezi kujua kilichomo kwa macho, ila anazijua nyuso zinazotoka humo. Vipele vinavyokufa kwa siku chache, alisema, mara nyingi vimezimwa na steroidi kali, dawa ambayo kwa mkono wa daktari ina kazi yake, lakini ikipakwa usoni kila siku huikondesha ngozi na kuizoesha. Ukiiacha, ngozi inalipuka. Kwenye mikorogo huwekwa pia haidrokwinoni ya kuchubua, na mingine hukutwa na zebaki, ambayo hupenya mwilini na kuharibu figo; ndiyo maana Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, uliweka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuagiza na kusafirisha nje vipodozi vya kuchubua vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni. Kwa mtoto mchanga, mwenye ngozi nyororo na nepi imefunika juu yake, dawa huingia mwilini kirahisi zaidi. Mama mkwe alishika ukingo wa meza.

Uso wa shemeji ukalipuka kweli, siku chache baadaye: ukawa mwekundu, unachoma, vipele vipya vibaya kuliko vya mwanzo. Daktari alikuwa ametuonya, na alimkataza katakata asirudie mkorogo ili kuuzima. Aliyomwagiza yalikuwa machache mno hivi kwamba shemeji alidhani bado hajamaliza kuandika. Wembe uwekwe kando wiki nne angalau. Uso uoshwe kwa viganja na sabuni laini isiyo na manukato, asubuhi na jioni, kwa sababu ngozi ina uasidi kidogo na sabuni ya mche huuondoa. Ukiwa bado na unyevu, upakwe mafuta mgando kidogo. Kitambaa cha maji baridi ukichoma. Losheni ya jua ya kipimo cha 30 au zaidi kabla ya kupanda pikipiki, maana jua hukoleza madoa. Losheni ya jua sisi tuliijua kwa binti wa jirani mwenye ualbino, anayepaka Kilisun ya Moshi. Hatukuwahi kufikiri kwamba kijana mweusi anayeshinda barabarani naye jua linamhusu. Na baada ya wiki nne, mashine badala ya wembe, ibakize nywele fupi, ifuate zinakolalia, na ngozi isivutwe. Kuhusu wembe wa zamu alikuwa mkali kuliko yote: wembe hutoa damu, na damu hubeba homa ya ini na Virusi vya UKIMWI. Kila mtu na wake.

Ikabaki Pangani. Harusi ilikuwa karibu, na bwana harusi angekwenda na uso mwekundu na ndevu za wiki kadhaa. Shemeji alitaka tuseme ni mzio wa samaki. Mama mkwe akakataa, akajifunga kanga, akasema atakwenda kusema mwenyewe, na mwanawe atakuwa ubavuni.

Tulipokaribishwa barazani, aliyasema yote mbele ya wazee: limau lake, kopo, tangi, mtoto mkekani. Nilikuwa nimeinamisha uso. Baba wa bibi harusi alisikiliza hadi mwisho, akamtazama shemeji, kisha taratibu akavua kofia na kuinamisha kichwa. Kisogo kilikuwa na vinundu, vingine vikubwa kama punje za mahindi.

"Na hivi je?" aliuliza. "Huyo daktari alisema nini?"

Mama mkwe akamgusa mwanawe bega. Shemeji akakohoa, akaanza na habari ya mashine kuachia nywele kidogo, na kwamba vinundu vya namna ile inabidi daktari avione kwa macho yake. Wanaume wawili waliokuwa mwisho wa jamvi wakasogea karibu, na mmoja akamwomba arudie ile ya mashine.