Sifa za Mashapo

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Ndiyo maana leo mgema simsifu. Namsifu aliye chini yake, tena chini kabisa: mashapo ya chupa, lile tope la rangi ya uji linalolala kitakoni mwa bia ya nyumbani. Likidondokea kwenye glasi, mgeni huiinua glasi kwenye mwanga, hukunja uso, kisha husema kwa adabu kwamba kesho ana safari ya mapema. Mashapo ukiyasifu usiku kucha hayatatia maji kitu chochote. Yalishaachana na maji, yakashuka, yakakaa.

Nimeyajua kwa karibu. Masika iliyopita, mvua zilipofunga njia za shambani, niliamua kutengeneza bia nyumbani kwangu hapa Ifakara. Nasema bia, sisemi pombe, maana kwetu maneno hayo mawili yana viti tofauti. Bia hunywewa kwenye kiti cha plastiki chenye mgongo, huja ndani ya chupa, na ukiiweka glasi yake mbele ya gazeti unasoma vichwa vya habari. Pombe hunywewa kwenye benchi la kilabuni, huja kwenye jagi, na humo ndani husomi kitu. Ulevi ni ule ule. Kinachotenga kiti na benchi ni mashapo tu. Mimi nilitaka kiti chenye mgongo.

Nikachanganya kimea cha ulezi, sukari ya Kilombero, maganda ya ndimu ya kutia uchungu, na hamira ya mandazi ya pakiti. Hapo kwenye hamira ndipo nilipojiroga. Hamira za viwanda vya bia zimechaguliwa kizazi baada ya kizazi, na nyingi zikimaliza kula sukari hushikana mafungu mafungu na kuzama. Hamira ya mandazi haikufunzwa kuzama. Kazi yake ni kuumua unga, na kupanda ndiko inakokujua. Basi ikaelea siku tatu, ikaelea wiki, kama vijana wa stendi ambao basi la mwisho limekwisha kuondoka nao wapo tu. Joto la bondeni halikusaidia. Huku tuko chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na kwenye joto hilo hamira hufanya kazi kwa pupa na kuacha harufu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Siku ya kutia chupani niliona nimekua. Bia isiyo na gesi ni chai iliyolala. Ili ipate povu, huna budi kuipa hamira chakula kidogo cha mwisho, kisha uifungie humo nacho. Hesabu yake si ngumu. Gramu 4 za sukari zikiliwa hutoa takriban gramu 2 za gesi, na lita moja ya bia inatosheka na gramu 6 au 7 za sukari. Kwa chupa ya nusu lita hicho ni kijiko cha chai kisichojaa. Mimi nilitumia kijiko cha kulia wali. Nilijiambia: sukari inatoka Kidatu hapo, ubahili wa nini? Nikabana vizibo kwa mashine ya kuazima, nikazipanga chupa chini ya kitanda, mahali penye ubaridi kuliko pote katika nyumba ya bati.

Usiku wa nne, saa nane, ya kwanza ikalipuka. Ya pili ikaitikia. Jirani yangu ni mtu wa Mang'ula, ambako tembo hushuka kutoka Udzungwa kula mahindi na migomba, na watu huwafukuza kwa baruti na madebe. Akaamka, akafungua dirisha, akauliza kwa sauti ya mzoefu: "Wako upande gani?" Nikamjibu ukweli, kwamba tembo limo chini ya kitanda. Kwa kuwa ngeli hazisikiki vizuri usiku, hakulala tena hadi alfajiri.

Wala sikuwa wa kwanza kupata hasara baina ya bia na mnyama huyo. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wake, George Hurst, akauawa na tembo akiwa mawindoni, na bia yao ikapewa jina la Tusker, mwenye pembe. Kwangu hakufa mtu. Ziliharibika shuka moja na heshima.

Asubuhi niliinama na tochi kuhesabu zilizosalia, nikafungua vizibo taratibu kuzipunguzia pumzi, nikavibana upya. Ndipo nilipoyaona mashapo kwa mara ya kwanza kama kitu chenye maana. Kila chupa nzima ilikuwa na tabaka jeupe chini, laini, unene wa sarafu. Nyingi ya ile hamira inayoelea ilikuwa imekula sukari yangu ya wazimu, ikatoa gesi, ikashiba, ikalala. Chupa moja tu haikuwa na kitu chini. Nilipoionja ilikuwa tamu, haina gesi, kama juisi iliyosahauliwa. Tangu hapo nimeyaheshimu mashapo kama stakabadhi. Wanaouza kitu king'avu wanakutaka uamini tu kwamba kazi imefanyika.

Lakini heshima haikunizuia kuyapiga vita, maana bado nilikitaka kile kiti. Nilianza na kanga. Ilikuwa imeandikwa nini sitasema. Chembe moja ya hamira ina upana wa maikroni 5 hadi 10, maana yake huhitaji kati ya chembe 100 na 200 kuzipanga mstari hata zifikie milimita moja. Tundu la kanga kwake ni geti la uwanja wa mpira. Hamira yote ilipita kwa raha. Kilichobaki kwenye kanga ni harufu, na kilichoongezeka kwenye bia ni hewa. Hewa ni adui: chupa zile baada ya wiki zilikuwa na ladha ya boksi lililolowa.

Nikahamia kwenye mlonge. Unga wa mbegu za mlonge hutumika kusafishia maji ya mto: protini zake zina chaji chanya, vumbi la majini lina chaji hasi, vikikutana hukumbatiana na kuzama pamoja. Nikasema, hamira nayo chaji yake ni hasi, kwa nini isikumbatiwe? Usiku mmoja tu, nusu ya ukungu ikashuka. Iliyobaki juu ilinukia figili. Niliwahi kunywa dawa nyingi utotoni, lakini hakuna niliyoitengeneza mwenyewe kwa gharama kama ile.

Mwisho nikakodi nafasi kwenye friji la muuza soda. Baridi ndiyo dawa ya kweli; kwenye nyuzi 2 au 3 hamira hata iwe kaidi namna gani huteremka baada ya siku chache. Siku ya tano nilikwenda kuziangalia, zikang'aa kama chai ya rangi iliyotulia. Machozi yalinilengalenga. Nikazipakia kwenye bodaboda, nusu kilomita ya mashimo hadi nyumbani, na zilipofika zilikuwa uji.

Huko nje wenzetu wanafanyaje? Hapa msomaji anisamehe, maana jibu lina kichekesho chake. Wengi hutia kwenye sufuria chembe za karajini, ambayo hutolewa kwenye mwani, na mwani huo Zanzibar wanaulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanawake wa Paje na Jambiani huinama majini kuufunga kwenye kamba. Wengine, hasa Waingereza wa bia za mapipa, kwa miaka mingi wametumia utando wa mabondo ya samaki, yale mapulizo yanayomwezesha kuelea, yakiwemo ya sangara wa Ziwa Victoria. Utando huo nao una chaji chanya, sawa na mlonge wangu, ila haunuki figili. Kwa hiyo pwani yetu na ziwa letu hutoa vya kung'arishia glasi za London, na mimi wa Ifakara nahangaika na kanga. Ningekuwa na hasira ningeandika waraka. Mimi nayasifu mashapo tu, hayana gharama ya usafiri.

Tuyasifu basi ipasavyo. Yakiwa hai chini ya chupa, hula ile hewa kidogo iliyoingia wakati wa kufunga, na bia huchelewa kuchacha. Huyo ni mlinzi asiyedai mshahara wala koti la mvua. Yanamfundisha mtu kumimina: unainamisha glasi, mkono hautetemeki, macho yako shingoni mwa chupa, unaacha vidole viwili. Nimewaona watu wasioweza kumsubiri hata mgonjwa amalize sentensi wakimimina bia yangu kwa utulivu wa maiti. Na ukiyanywa kwa wingi kabla hayajapoa makali, yanafungua tumbo bila cheti cha daktari. Wapo wanaoliona hilo ni kosa. Watu hao hawajawahi kula ugali wa muhogo siku tatu mfululizo.

Ujerumani bia ya ngano yenye ukungu hubeba neno la hamira ndani ya jina lake, na mnywaji huzungusha chupa makusudi ili tope lote liingie kwenye glasi. Kenya magharibi na Uganda hawakubishana nalo: walitia chujio kwenye ncha ya mrija, wakakizunguka chungu, kila mtu akavuta kilicho chake. Waingereza nao, mwaka 1902, kwenye mji wa bia wa Burton upon Trent, walianza kuyachemsha mashapo ya viwandani na kuyauza kwenye vyungu vidogo kwa jina la Marmite, ya kupaka kwenye mkate. Zaidi ya robo karne baadaye daktari Lucy Wills, akiwa Bombay, aliona kina mama wajawazito wenye upungufu wa damu wakipata nafuu kwa kulishwa tope hilo hilo; kilichokuwa kinawatibu baadaye kilikuja kujulikana kuwa foleti, na leo kliniki za wajawazito huigawa kwa vidonge.

Na hapa kwetu? Hapa kwetu neno chachu ni la jukwaani. Kila mgeni rasmi akisimama, vijana ni chachu ya maendeleo, kina mama ni chachu ya mabadiliko, na turubai lote hupiga makofi. Hakuna anayeuliza chachu inapomaliza kazi inakwenda wapi. Inakwenda chini ya chupa, inaitwa uchafu, na mgeni rasmi anaomba aletewe nyingine iliyo safi.

Anayechukia mashapo kwa dhati, nionavyo mimi, asikae bonde la Kilombero. Sisi tumejenga juu yake. Mito inateremka Udzungwa upande huu na milima ya Mahenge upande ule, imebeba udongo wa watu wa juu, na masika mto mkubwa ukifurika huumwaga mzigo huo mbugani. Maji yakirudi, linabaki tope, na kwenye tope hilo huota mpunga ambao Dar es Salaam huulizia kwa jina na kuulipa kwa jina. Mwaka 2002 mbuga hiyo iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hakuna mjumbe aliyependekeza ichujwe kwanza.

Nyuma ya nyumba yangu kuna bibi anayepika komoni. Machicha ya chujio lake huyala nguruwe wa jirani, na chungu chake hakioshwi hadi ndani kabisa, maana chachu ya wiki iliyopita ndiyo inayoanzisha ya wiki hii. Chupa zangu zilipotulia upya nilimpelekea moja, nikamimina kwa ufundi wangu wote, nikampa glasi iliyong'aa na kubakiza vidole viwili. Akaitazama muda mrefu.

"Mjukuu wangu, huyu alikuwa anaumwa?"

"Hapana, Bibi. Ndiyo bia yenyewe, imetulia."

"Imekonda," akasema. Akanyoosha mkono akaomba chupa, akaizungusha mara tatu kama anayesukutua kinywa, akamimina tope lote kwenye glasi, akanywa hadi mwisho, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akauliza chupa nyingine ziko ngapi, na kama vile vya chini huwa navitupa.

Jioni hiyo nilimkusanyia mashapo ya chupa kumi na moja kwenye kikombe, akayatia chunguni. Ijumaa komoni ilichemka bila moto mpaka kifuniko kikaanguka na kuwatisha kuku. Jumamosi saa kumi jioni ilikuwa imeuzwa yote. Saa kumi na moja akaja mjukuu wake wa kweli, kashika jagi la mwisho, zito, limefunikwa sahani, ukilitazama huoni hata kidole chako. Shikamoo, akasema, bibi anasalimia, na anauliza vya chini vitapatikana tena lini. Bia hakuiulizia.